Chumba cha Mzee Wako Kina Joto Kiasi Gani?

Mzee akiugua, swali la kwanza huwa la dawa na la pili la chakula. Chumba anacholala huulizwa mwisho, au hakiulizwi kabisa. Lakini mzee ambaye hatoki kitandani, au anayetoka kwa kushikwa mkono, anaishi ndani ya chumba hicho karibu siku nzima. Wewe unaingia, unamlisha, unambadilisha nguo, kisha unatoka barazani kupata upepo. Yeye anabaki mle mle.

Makala haya ni kwa ajili yako unayemtunza mama, baba au mkwe nyumbani, na pia kwa ajili yako unayefanya kazi katika makao ya wazee, iwe hapa Afrika Mashariki, Uarabuni au Ulaya. Vyumba vinatofautiana, ila mwili wa mzee ni ule ule.

Usipime joto kwa mwili wako

Umri ukienda, mwili hupoteza uwezo mwingi wa kujirekebisha. Ngozi hutoa jasho kidogo na kwa kuchelewa. Kiu hupungua, kwa hiyo mzee anaweza kuwa amekaukiwa na maji na bado akakwambia hataki kunywa. Baridi ikiingia, hatetemeki kama kijana, na mafuta ya chini ya ngozi yaliyokuwa yakimkinga yamepungua. Dawa nazo zina mchango wake: baadhi ya dawa za presha humfanya akojoe maji mengi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho. (Usimwachishe dawa kwa sababu hiyo. Muulize aliyemwandikia, hasa majira ya joto yanapokaribia.)

Tena wapo wasioweza kusema. Aliyepatwa na kiharusi anaweza kuwa hana sauti. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuketi juani na sweta mbili bila kulalamika. Na wapo wanaoweza kusema lakini wananyamaza, maana hawataki kuwa mzigo. Ukimuuliza, "Mama, joto?" atajibu, "Hapana mwanangu, niko sawa." Jibu hilo ni la heshima, na halikupi habari yoyote kuhusu hali ya chumba.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha ukutani, kile cha kupima hewa. Kitundike karibu na kichwa cha mzee anapolala, mbali na dirisha linalopigwa jua. Ukikisoma ukiwa umesimama mlangoni, utapata joto la mlangoni. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wakati wa joto kali chumba cha mzee kisizidi nyuzi joto 32 mchana na 24 usiku. Kwa upande wa baridi, limeshauri kisishuke chini ya 18, na wazee na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo.

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa atacheka akisikia nyuzi 24 usiku wa Februari. Tunajua. Nambari hizo zichukue kama alama ya kukuamsha: kipimajoto kikikaa juu ya 32 mchana, na usiku hakishuki, mzee wako yuko kwenye siku za hatari hata kama anaonekana ametulia. Pengine hasa kama anaonekana ametulia mno.

Yaliyotokea Ufaransa

Mwezi Agosti 2003 Ufaransa ilipigwa na wimbi la joto ambalo watu hawakulizoea. Katika muda wa wiki mbili hivi walikufa watu wapatao 15,000 zaidi ya idadi ya kawaida, na wengi wao walikuwa wazee. Wengine walikuwa peke yao kwenye vyumba vya juu vya majengo ya Paris, chini ya paa lililopata moto mchana kutwa. Wengine walikuwa ndani ya makao ya wazee, wenye wauguzi na kitanda safi. Usiku haukupoa, kwa hiyo mwili haukupata nafasi ya kupumzika, na waliochoka jana waliamka leo wakiwa wamechoka zaidi.

Baada ya hapo serikali iliyataka makao ya wazee yawe na angalau chumba kimoja kilichopozwa, ambamo wakazi wanapelekwa kwa saa kadhaa kila siku joto linapozidi. Chumba kimoja tu, cha pamoja. Hapo ndipo lilipo somo kwa sisi tusio na viyoyozi: mwili ukipata saa mbili au tatu za kupoa mchana, unapata nguvu ya kukabili saa zinazobaki. Huna haja ya kupoza nyumba nzima. Tafuta mahali pamoja penye ubaridi, hata kama ni chini ya mwembe au sebule ya jirani yenye dari na madirisha mawili, umhamishie mzee huko kuanzia saa sita hadi saa kumi.

Kukipoza chumba bila kiyoyozi

Paa la bati lisilo na dari ndilo adui wa kwanza. Kuanzia saa tano bati linateremsha joto moja kwa moja kwa aliyelala chini yake. Kama dari haiwezekani mwaka huu, hata mikeka au magunia yaliyoshonwa na kufungwa vizuri chini ya kenchi hupunguza makali. Yafunge mbali na nyaya za umeme na taa.

Ukuta wa magharibi hupigwa jua la alasiri na kuendelea kutoa joto hadi usiku, kwa hiyo usiegemeze kitanda hapo. Na jua lizuie nje, kabla halijafika dirishani. Pazia la ndani husaidia kidogo, lakini joto limeshaingia. Mkeka, turubai au kivuli cha makuti kilichotundikwa nje ya dirisha hufanya kazi kubwa zaidi kwa gharama ndogo.

Kuhusu madirisha, fuata kipimajoto na upepo. Pwani penye upepo wa bahari, yaache wazi. Bara, ambako mchana hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani, funga mchana na ufungue magharibi hadi alfajiri. Shuka lenye maji lililotundikwa dirishani hupoza vizuri Dodoma au Garissa, ambako hewa ni kavu. Pwani hewa tayari imejaa unyevu, maji hayakauki, na utakachopata ni chumba chenye joto na unyevunyevu pamoja.

Feni nayo ina mipaka. Husaidia kwa kukausha jasho, na mzee hana jasho jingi. Hewa ikipita nyuzi 35, feni peke yake usiitegemee, na ikifika 40 inamsukumia joto tu. Ifanye feni iwe na kazi: mpanguse shingo, kwapa, mikono na miguu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kisha mwache apigwe na upepo wake.

Angalia pia anacholalia. Godoro lililofunikwa karatasi ya nailoni ili lisilowe mkojo huzuia hewa na kumchemsha mgongo. Kama nailoni ni lazima, weka juu yake shuka nene la pamba na ubadilishe likilowa. Chandarua usikiondoe kwa sababu ya joto. Malaria kwa mzee ni hatari. Kitundike juu na kwa upana, kisilale usoni mwake.

Maji usisubiri aombe. Mpe kidogo kidogo kila unapopita: maji, chai isiyo kali, uji mwepesi, tikiti. Tazama mkojo, ukiwa mchache na wa rangi nzito, hajanywa vya kutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji na daktari, uliza kiasi chake kwa siku za joto kabla hujaongeza.

Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, akalegea, akatapika, ngozi ikawa ya moto sana, au akawa mgumu kuamka, usiseme ni uzee. Mtoe kwenye joto, mvue nguo nzito, mlowanishe mwili na kumpepea, na utafute usafiri wa hospitali wakati huo huo. Asiyejitambua usimpe kitu mdomoni. Na likitokea bila joto kali, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa maambukizi, kwa sababu mzee anaweza kuwa na nimonia au ugonjwa wa njia ya mkojo bila homa kubwa. Hapo pia ni hospitali.

Baridi, na jiko la mkaa

Makete, Njombe, Lushoto, Limuru, Nyandarua: mwezi wa Juni na Julai shida hugeuka. Na hapo kuna desturi moja inayoua, nayo ni kuingiza jiko la mkaa chumbani ili mzee apate joto alale.

Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Watu wengi wanaamini kwamba mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu, bila moshi, hauna madhara. Si kweli. Gesi hiyo hutoka hata mkaa ukiwa umeiva vizuri, na huendelea kutoka unapofifia chini ya majivu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala hulala zaidi mpaka asiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kuaminika. Jiko lisiingie chumba cha kulala, hata kwa nusu saa, hata kwa mzee tu. Jenereta pia isiwashwe ndani wala chini ya dirisha lake.

Watu wawili au zaidi nyumba moja wakiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu, fikiria gesi kabla ya malaria. Toeni kila mtu nje, fungueni milango, nendeni hospitali. Maziwa hayaondoi sumu hii, kwa hiyo msipoteze muda nayo.

Cha kufanya badala yake ni hiki. Mvalishe nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito, soksi zisizobana na kofia. Ziba nyufa za mlango na dirisha upande wa upepo, lakini acha tundu la juu la hewa. Mpe uji wa moto kabla ya kulala. Chupa ya maji ya moto ipashe kitanda kwanza, kisha itolewe anapopanda. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, au aliyepooza upande mmoja, anaweza kuungua na chupa hiyo mpaka kidonda bila kuhisi chochote.

Kujua kama ana baridi, usimshike vidole tu. Ingiza mkono chini ya nguo, ushike tumbo au mgongo. Tumbo likiwa la baridi, akawa anazungumza kwa kuburuta maneno na kusinzia sinzia, ni dharura.

Hewa

Chumba cha mzee kinanuka, na mlezi akiona aibu hukimbilia kufunga mlango na kupulizia marashi au kuchoma udi. Harufu ya mkojo inaondoka kwa kuondoa kilicholowa na kufungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, hufanya kazi ambayo dirisha moja haliwezi. Jambo hili lina uzito zaidi kwenye makao ambako wazee wanne au sita wanalala pamoja, maana kifua kikuu na mafua husambaa penye hewa iliyosimama. Mzee anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe makohozi.

Dawa ya mbu ya kuwasha ni moshi kama moshi mwingine. Mwenye pumu au kifua kibovu mwekee chandarua chenye dawa na nyavu dirishani.

Njia ya kwenda choo

Hapa ndipo tungekuomba ukae muda mrefu zaidi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwisho wa kutembea kwake, na kitanda huleta vidonda na nimonia. Na kuanguka kwingi nyumbani hakutokei kwenye ngazi wala barabarani. Mara nyingine kunatokea kati ya kitanda na choo, usiku.

Fanya jaribio. Saa nane usiku, zima taa, lala kwenye kitanda chake, kisha amka uende choo kama anavyokwenda yeye. Utajua mambo ambayo hukuyaona miaka yote: kizingiti, ukingo wa mkeka uliokunjika, waya wa simu, beseni lililosahaulika. Kisha kumbuka kwamba mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho lake karibu theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20. Giza lako ni dogo kuliko lake. Taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, iliyowekwa chini karibu na sakafu, ni ununuzi wenye faida kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya wazee.

Ndala ziondoe. Mzee huziburuta na vidole havizishiki. Mpe viatu vyepesi vinavyofunika kisigino, soli ya mpira. Kiti cheupe cha plastiki kisiwe cha kujishikilia wakati wa kuinuka, kwa kuwa kwenye vigae huteleza naye. Afadhali bomba la chuma lililofungwa ukutani na fundi, kando ya kitanda na kando ya choo. Sakafu ideki asubuhi akiwa ameketi, na asiinuke mpaka ikauke.

Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kuketi ukingoni nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu na magoti yamekunjika sawasawa. Kirefu mno, anateleza; kifupi mno, hawezi kuinuka. Akiamka, aketi kwanza dakika moja au mbili, hasa anayetumia dawa za presha, maana presha hushuka anaposimama ghafla. Kama ana ndoo au kiti cha choo chumbani, kiweke upande wenye nguvu ikiwa amepooza upande mmoja.

Wengine hufunga mzee kitandani kwa kanga ili asianguke, au humzungushia mbao ndefu. Tunaelewa uchovu unaoleta uamuzi huo. Ukiwa peke yako usiku wa tano bila kulala, unatafuta chochote. Lakini anayefungwa hujeruhiwa akijinasua, na anayepanda juu ya mbao huanguka kutoka juu zaidi. Shusha kitanda, au weka godoro chini, na umpeleke choo kabla hajahitaji kwenda mwenyewe: kabla ya kulala, na mara moja katikati ya usiku kwa saa maalumu.

Asiyeweza kujigeuza

Huyu anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, shuka likiwa limenyooshwa bila mikunjo na visigino vikiwa vimeinuliwa kwa mto chini ya miguu. Mnyanyue watu wawili kwa shuka; kumburuta kunachubua. Vitabu vingi husema utazame wekundu juu ya mfupa, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi kuliko jirani zake, au yenye joto, ngumu au inayouma ukigusa. Ukiiona, asiilalie tena, usiisugue, na umwonyeshe muuguzi. Tyubu ya gurudumu au mto wa pete usimkalishe. Hubana damu pembeni.

Maji ya kumwogeshea chumbani anza na ya baridi, kisha ongeza ya moto, na upime kwa kiwiko chako.

Ukienda kumtazama kwenye makao

Tanzania ina makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto Shinyanga, na Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Kenya makao mengi yanaendeshwa na mashirika ya dini na ya hisani. Kumpeleka mzee huko bado kunasemwa vibaya mtaani, na sisi hatutakuhukumu. Ila ukienda, usiishie ofisini. Nenda saa nane mchana, chumba kikiwa kimepata moto, uketi naye nusu saa kwenye kitanda chake. Je, kuna maji anayoyafikia kwa mkono wake? Kengele au sauti yake inamfikia nani usiku? Kuna pazia kati yake na jirani anapobadilishwa nguo?

Na uliza funguo ziko wapi. Madirisha yenye nondo na geti la kufuli ni ya kawaida kwetu, kwa sababu ya wezi. Moto ukizuka saa tisa usiku, mlinzi akiwa na funguo mfukoni upande wa pili wa uwanja, wasioweza kutembea hawana njia. Funguo ziwe ndani, mahali panapojulikana na kila mhudumu wa zamu, na wawe wamewahi kujaribu kumtoa mtu mmoja kwa shuka hadi uani. Swali hilo hilo jiulize nyumbani kwako usiku wa leo, kabla hujafunga geti.